Inveta ya Sola Imekufa? Jinsi ya Kufunga Mpya na Kumlipa Fundi Bila Kupoteza Pesa

Leo tunaingia kwenye ile kamba kubwa ya waya iliyo nyuma ya betri zako za sola. Wateja wengi hutumia simu kununua vifaa vya sola na kuwalipa mafundi, na inveta ni moja ya vifaa vinavyobadilishwa mara kwa mara. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea: mtu ananunua inveta isiyomfaa, anafungiwa vibaya, inaungua wiki ya pili, na fundi hashiki simu tena.

Hatukusudii ukimaliza kusoma uchukue bisibisi ujifungie mwenyewe. Tunataka ujue kazi nzuri inafanana vipi, ili usimame kando ya fundi ukiuliza maswali yanayofaa, na ujue ni wakati gani wa kubonyeza PIN yako.

Kwanza hakikisha ni inveta kweli

Inveta hufanya kazi moja: inachukua stima ya betri, ambayo ni DC ya volti 12, 24 au 48, na kuigeuza kuwa AC ya volti 240, ile inayotumiwa na TV, friji na chaja zako. Ikizima, wengi husema "imekufa" na kukimbilia dukani. Lakini mara nyingi mgonjwa ni mwingine.

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia haya matatu:

1. Betri. Inveta ikilia pipipi na kuzima, mara nyingi inalalamika kwamba betri haina nguvu. Pima kwa multimita. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6 au 12.7. Ikionyesha chini ya 11.8, iko tupu. Mfumo wa volti 24 ni mara mbili ya hizo.
2. Vichwa vya betri. Angalia kama kuna ule unga mweupe au wa kijani, au kama lagi ya waya inacheza ukiishika. Lagi iliyolegea hufanya inveta ionekane mbovu.
3. Fyuzi. Fyuzi ya waya wa betri ikiwa imekatika, inveta haipati chochote. Lakini usibadilishe fyuzi tu na kuendelea. Fyuzi haikatiki bure, tafuta sababu.

Kama betri ni nzima, waya zimekaza, fyuzi iko sawa na inveta bado ni kimya, basi kweli inahitaji kutengenezwa au kubadilishwa. Hata hapo muulize fundi: "Hii ya zamani imeuawa na nini?" Kilichoua ya kwanza kisipoondolewa, kitaua ya pili.

Kuchagua inveta: fanya hesabu kabla ya kununua

Usinunue kwa kuangalia namba kubwa kwenye sanduku. Anza na vitu vyako. Tuchukue mfano wa nyumba moja:

- TV: wati 80
- Balbu 6 za wati 9: wati 54
- Ruta ya intaneti: wati 10
- Chaja 4 za simu: wati 40
- Friji ndogo: wati 120

Jumla ni wati 304. Mtu atasema basi inveta ya wati 500 inatosha. Ngoja kidogo. Friji ina mota, na mota ikiamka huvuta nguvu nyingi kwa muda mfupi, hata mara tano ya kawaida au zaidi. Wati 120 mara tano ni 600. Ongeza wati 184 za vitu vingine, unapata 784. Inveta ndogo itazima kila friji inapoamka. Nyumba hii inafaa inveta ya wati 1,000.

Mambo mengine matatu ya kuangalia kwenye sanduku:

- Volti ya betri. Inveta ya volti 12 haifungwi kwenye betri za volti 24. Itaungua papo hapo. Ya zamani ikiwa ya 24, nunua ya 24.
- Aina ya stima inayotoa. Kuna inveta za bei ya chini ambazo stima yake inakatakata, na kuna zile zinazotoa stima laini kama ya Kenya Power. Hizi za pili huandikwa "Pure Sine Wave". Kama una friji, feni au mashine yoyote yenye mota, chukua hiyo. Ile nyingine hufanya mota zipate joto na kunguruma.
- Wati za kudumu na wati za kilele. Wauzaji wengine huandika ile ya kilele kwa herufi kubwa. "2,000" kwenye sanduku inaweza kuwa 1,000 za kudumu. Muulize muuzaji akuonyeshe ndani ya kitabu cha maelezo. Akikataa kufungua sanduku, unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ni nani anaruhusiwa kufunga?

Nchini Kenya, mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka madaraja matatu ya mafundi: T1, T2 na T3. T1 ni kwa mifumo midogo ya DC, zile taa chache na chaja. Mfumo wenye inveta unahitaji daraja la juu zaidi. Kwa hivyo usione haya kumwambia: "Fundi, naomba kuona leseni yako." Fundi wa kweli haoni hilo kuwa matusi. Ataitoa.

Na kama mfumo wako ni wa lipa pole pole na bado hujamaliza deni, usiruhusu mtu yeyote aufungue. Piga simu kwa kampuni iliyokuuzia. Ukifunguliwa na mtu wa nje unaweza kupoteza waranti, na deni litabaki pale pale.

Kutoa ya zamani: mpangilio una maana

Betri ya volti 12 haiwezi kukupiga shoti ya kuua, lakini spana ikigusa vichwa vyake viwili kwa pamoja, huwaka moto na kuyeyuka. Upande wa volti 240 nao unaua. Kwa hivyo pete, saa na bangili zitoke mkononi kwanza, na watoto watoke chumbani.

Fundi wako afuate utaratibu huu:

1. Azime vitu vyote vya nyumba, kisha azime inveta yenyewe.
2. Akate paneli kutoka kwa chaji kontrola. Hii inatangulia betri. Ukitoa betri wakati paneli bado zinaleta stima, kontrola inaweza kuharibika.
3. Apige picha ya waya zote kwa simu kabla ya kugusa chochote. Hata wewe piga.
4. Atoe waya hasi wa betri, halafu waya chanya, na kufunika ncha kwa tepu.
5. Asubiri dakika kama kumi kabla ya kushika waya za inveta. Ndani kuna vifaa vinavyohifadhi stima hata baada ya kuzimwa.
6. Apime upande wa AC kwa multimita kuhakikisha hakuna stima, ndipo afungue.

Ukiona fundi anaanza kuvuta waya kabla ya kuzima chochote, msimamishe. Ni nyumba yako.

Kuifunga ukutani

Inveta hutoa joto, na joto ndilo adui wake mkubwa. Mahali pazuri ni:

- Ukuta wa mawe au simiti. Kama nyumba ni ya mbao au mabati, fundi aweke kwanza ubao wa simiti usioshika moto, halafu inveta juu yake.
- Mahali pakavu. Si jikoni penye moshi na mvuke, si karibu na bafu, na si chini kabisa ya mabati ambapo mchana ni tanuri.
- Penye hewa. Acha nafasi ya karibu sentimita 20 hadi 30 pande zote, zaidi ya hapo kama kitabu chake kinasema hivyo. Usiibanie nyuma ya kabati, wala usiifunike na kitambaa cha kurembesha. Feni inahitaji kupumua.
- Karibu na betri, lakini si juu yake moja kwa moja. Betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto, na mvuke wake hula vyuma vya inveta. Iweke kando.
- Juu kiasi cha mtoto mdogo kutofikia.

Inveta nzito isitundikwe kwa misumari. Fundi atoboe ukuta kwa drili, aingize vishikizi vya plastiki, kisha akaze kwa skrubu. Akimaliza, ishike uivute kidogo. Haifai kucheza.

Waya za betri: hapa ndipo nyumba huungua

Chukua wati, gawanya kwa volti, unapata ampea zinazopita kwenye waya. Inveta ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 huvuta karibu ampea 83. Kwa kuwa inveta hupoteza nguvu kidogo njiani, ikifanya kazi kikamilifu weka 93. Kwenye volti 24, ni karibu ampea 46.

Ampea 93 si mchezo. Ni mara saba ya zile 13 ambazo soketi ya ukutani imeundwa kubeba. Ndiyo maana waya wa kawaida wa nyumba, wa milimita mraba 2.5, ukiwekwa kati ya betri na inveta hii unageuka kuwa jiko. Kwa volti 12 na wati 1,000, waya wa shaba wa milimita mraba 35, mfupi usiozidi mita moja na nusu hivi, ni chaguo salama. Kitabu cha inveta kikitaka mnene zaidi, fuata kitabu. Fundi akikwambia "huu mwembamba utashika tu", kataa. Tofauti ya bei ya waya ni ndogo kuliko bei ya nyumba.

Mambo ya kuangalia akifunga:

- Lagi zimebanwa kwa koleo lake maalum, si kwa nyundo wala kwa kuzungusha waya uchi kwenye kichwa cha betri.
- Kuna fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Iwe kubwa kidogo kuliko ampea za kawaida, lakini ndogo kuliko uwezo wa waya. Kwa mfano wetu wa volti 12, fyuzi ya ampea 125 na waya wa 35 zinaelewana.
- Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Apime kwa multimita kabla ya kugusisha, asitegemee rangi pekee. Waya zikigeuzwa, inveta hufa kwa sekunde moja, na waranti kwa kawaida haikubali kosa hilo.
- Inveta inaenda moja kwa moja kwenye betri. Kuna mafundi huifunga kwenye ile sehemu ya chaji kontrola iliyochorwa balbu. Sehemu hiyo ni ya taa ndogo, na nyingi hubeba ampea 10, 20 au 30 tu. Ikidaiwa 93 itaungua. Kama inveta yako ya zamani ilifungwa hapo, huenda umepata jibu la lile swali lako la nini kiliiua.

Waya wa mwisho ukigusa betri, unaweza kuona cheche moja ndogo. Hiyo ni inveta inajaza vifaa vyake vya ndani, ni kawaida. Cheche zikiendelea, kuna shida. Aondoe mara moja.

Upande wa AC na stima ya Kenya Power

Waya za AC zina rangi zake: kahawia ni moto, bluu ni nyutro, kijani na njano ni ardhi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Angalia sana hapo, kwa sababu nyeusi ya betri ni hasi na nyeusi ya nyumba ya zamani ni nyutro. Si kitu kimoja.

Mwili wa inveta uungwe na waya wa ardhi unaoenda kwenye fimbo ya shaba iliyochomekwa udongoni. Bila huo, siku stima itakapovuja, mwili wa chuma utamngojea mtu aushike.

Na kama nyumba yako ina Kenya Power pia, sheria ni moja: stima hizo mbili zisikutane kamwe. Lazima kuwe na chenjiova, swichi inayochagua moja na kuacha nyingine. Usikubali ile njia ya mkato ya waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ya ukuta ili "kulisha nyumba". Stima ya Kenya Power ikirudi, inveta inaungua. Na kabla irudi, stima yako inatoka nje kwenye laini ambapo mfanyakazi anaitengeneza akijua imezimwa. Unaweza kuua mtu usiyemwona.

Kuwasha na kujaribu

Fundi arudishe betri kwa chaji kontrola kwanza, halafu paneli. Kisha awashe inveta bila kitu chochote na apime AC. Inatakiwa kuwa karibu volti 230 hadi 240. Aweke aina sahihi ya betri kwenye inveta au kontrola, kwa maana betri ya lithiamu na ya asidi hazichajiwi kwa kipimo kimoja. Washa balbu moja, halafu TV, mwisho friji. Acha ifanye kazi nusu saa, kisha fundi apapase sehemu zilizofunikwa za waya za betri. Waya vuguvugu si neno, lakini lagi yenye joto kali maana yake imelegea au waya ni mwembamba. Baada ya wiki moja, zikazwe tena.

Usizimalize betri. Katika mfano wetu, betri mbili za volti 12 na Ah 200, zikiungwa kuwa mfumo wa volti 24, zina wati-saa 4,800. Betri ya asidi inadumu ukitumia nusu tu, yaani 2,400. Ukitoa kile inveta inachopoteza, mzigo wa wati 304 utakwenda karibu saa saba.

Sasa tuje kwa pesa

Tuseme inveta ni shilingi 18,000, waya, fyuzi na lagi ni 4,500, na ufundi ni 3,000. Jumla 25,500. Makosa yanaanza pale unapomtumia fundi zote 25,500 kwa namba yake "akapitie dukani". Fanya hivi badala yake:

1. Vifaa lipa dukani mwenyewe, kwa Till ya duka. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Likiwa si la duka, usiendelee. Muuzaji akisema "Till imeharibika, tuma kwa hii namba yangu", tafuta duka lingine.
2. Dai risiti yenye namba ya inveta. Ujumbe wa simu unaonyesha umelipa, lakini hauonyeshi umenunua nini. Waranti inataka vyote viwili.
3. Ufundi lipa baada ya majaribio. Ukitoa ya kwanza kwa sababu ya nauli, iwe ndogo, tuseme 500. Zile 2,500 zitoke friji ikiwa inanguruma.
4. Mkubaliane kwa ujumbe, si kwa mdomo. Andika: "Fundi, kazi ni kubadilisha inveta, ufundi 3,000, 500 sasa, 2,500 ikimalizika na kujaribiwa." Akijibu "sawa", una ushahidi.
5. Ukituma kimakosa, ripoti saa hiyo hiyo kwa huduma kwa wateja kupitia namba rasmi. Pesa ikishatolewa na aliyepokea, kuirudisha ni vigumu sana.

Uwe macho na "inveta za ofa" mitandaoni ambapo unaambiwa ulipe yote ndipo mzigo utumwe. Na baada ya kulipa, unaambiwa uongeze kidogo ya usafiri, kisha kidogo ya kodi. Ukishaombwa nyongeza ya pili, simama hapo na uripoti. Wala hakuna fundi, muuzaji au mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako kwa sababu yoyote ile.

Orodha ya kukagua kabla ya kulipa salio

- Inveta imekaza ukutani, ina nafasi ya hewa, haiko juu ya betri.
- Waya za betri ni nene, fupi, na lagi zimebanwa.
- Fyuzi iko karibu na betri.
- Inveta imeungwa na betri, si na kontrola.
- Waya wa ardhi upo.
- Chenjiova ipo kama una Kenya Power.
- Kila kitu kimewaka kwa nusu saa bila harufu wala joto.
- Risiti, kitabu cha maelezo na picha za kazi unazo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi ujumbe wa malipo, piga picha ya risiti, na uitumie kwa mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu simu nayo hupotea. Inveta ya zamani usiitupe kwenye jalala wala usiwape watoto waifungue. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki, au mkubaliane na duka wakupunguzie bei.

Mtumie somo hili jirani anayepanga kubadilisha inveta, kabla hajamtumia fundi pesa.